Mwalimu wa Nne

Kwenye basi la uwanja wa ndege, kijana mwenye sare ya rubani alimwambia mama aliyekaa naye kwamba anaacha kufundisha urubani hapa, amepata kazi kama hiyo ng'ambo.

“Hongera. Na wanafunzi wako wa hapa?”

“Watapewa mwalimu mwingine, mama.”

“Binti yangu naye anajifunza urubani, sasa yuko kwa mwalimu wa nne. Kila anayekuja humrudisha kwenye somo la kutua, kana kwamba hajawahi kutua.”

“Ndivyo kazi ilivyo. Huwezi kumwachia ndege mtu ambaye hukumfundisha mwenyewe.”

“Kumbe mnajua, na bado mnawaacha!” Hata dereva alitazama kioo. Mimi, kiti cha nyuma yao, nilijifanya nasoma tangazo la kufunga mkanda, ingawa kiti changu hakikuwa na mkanda.

Basi liliposimama, kijana alibeba sanduku lake, akasita mlangoni. “Binti yako anasoma chuo gani?”

“Nenda, mwanangu,” mama akajibu bila kumtazama. “Utaachwa na ndege.”