Mzee Lawama, Mchekeshaji wa Redio na Runinga: Safari ya Maisha Yake

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Lawama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, na huko alijifunza kuigiza sauti ya mwalimu mkuu, hata siku moja akajificha nyuma ya dirisha la ofisi, akawatangazia wenzake waende nyumbani mapema, nao wakaenda.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kituo cha redio kutunza kanda, na tarehe 2 Juni 1974 alianza kuigiza Mzee Lawama, yule anayelaumu mvua ikinyesha na kulaumu jua likiwaka, hata wauza mboga sokoni walipomwona walifunika nyanya zao, wakimwambia, mzee, leo utusamehe. Mwaka 1998 alihamia runinga na mchezo huohuo.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na mshonaji wa nguo za waigizaji, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 sauti yake ilianza kukwaruza, na tarehe 19 Mei daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba ana saratani ya koo, na kwamba upasuaji ungemwachia uhai lakini ungemwondolea sauti. Marehemu alikataa, akisema sauti ndiyo jembe lake, na mkulima hauzi jembe, mpaka mkewe alipoweka sindano chini akamwambia, baba watoto, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na redio. Upasuaji ulifanyika tarehe 30 Juni.

Kituo kilitaka kutafuta mtu mwingine, lakini wenzake waliandika katika mchezo kwamba Mzee Lawama amesusa, amenuna, hasemi na mtu yeyote nyumbani kwake, na tangu hapo alilaumu kwa nyusi, kwa bakora na kwa kusukuma sahani, watazamaji wakacheka kuliko mwanzo, na wengine wakapiga simu kituoni kuitaka ile familia ya mchezoni imwombe radhi mzee wa watu. Alistaafu mwaka 2019.

Maradhi yalirudi mwaka huu, na marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Septemba 2023, mkewe akiwa amemshika mkono. Juzi redio iliporudia mchezo wa zamani, mjukuu wake wa mwisho, aliyezaliwa baada ya upasuaji, aliuliza huyo mzee mkali ni nani, na alipoambiwa ni babu yake alikataa katakata, akasema babu hajawahi kumfokea mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliomwandikia nafasi alipokosa sauti. Baba, pumzika kwa amani, kazi ya kusema tuachie sisi.