Cheche Zilizoingia Ukutani

Mama zangu, ndugu zangu, jambo yenu. Muliniomba niseme namna nyumba yangu iliungua hapa Wamaza. Nitasema kama ilivyokuwa.

Nyumba ilikuwa ya miti, matete na udongo, juu matole, yale mabati. Tulipotoa majani na kuweka matole, nilijiona nimeokoka na moto. Lakini ukuta wa upande wa pori ulikuwa umepasuka, udongo umedondoka, matete yanaonekana. Kuni nazo nilizipanga palepale.

Kiangazi, wawindaji wakachoma pori. Moto ulifika kwenye njia ya pikipiki, ukazimika. Tukashukuru Mungu. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilidanganyika. Upepo ulikuwa umeleta cheche, zikaingia katika nyufa, zikashika matete ndani kwa ndani. Niko namenya mihogo, naona moshi unatoka ukutani. Nikamwaga maji, hayakufika ndani. Mama mukwe wangu, ambaye miguu haimubebi, alikuwa kitandani. Nikamutia mugongoni, tukatoka. Nilipogeuka kufuata mashini yangu ya kushona, mulango ulikuwa moto mutupu.

Mashini ile ndiyo ilitulisha tangu bwana wangu afariki. Kaka yangu akatupokea Kasongo, na mimi nikawa mutu wa kulala tu. Salamu sijibu. Kula, mpaka nilazimishwe. Siku moja mama mukwe akaniita.

"Binti, unalilia nini?"

"Mashini, mama."

"Ulikuwa na mugongo mumoja, ukabeba mimi. Unajuta?"

"Hapana, mama!"

"Basi amuka, turudi kwetu. Mimi nitakaa, nitakuonyesha namna ya kukanda udongo."

Nikaamuka. Tulifyatua matofali, tukayachoma, tukajenga. Ukuta tukaupaka udongo na muchanga, nje yote. Nafasi kati ya ukuta na matole tukaziba. Kuni nikapeleka mbali, majani nikafyeka.

Kiangazi kingine pori likawaka tena. Cheche zilikuja nyingi. Zilipiga ukuta, zikaanguka chini, zikazimika. Mama mukwe aliniuliza kutoka ndani, "Iko moshi?" Nikamujibu, "Hakuna, mama." Nikakaa chini, nikalia, lakini kilio kingine.

Leo nashona tena, kwa mashini nyingine. Namushukuru yeye, namushukuru kaka yangu, na nyinyi mama wa kundi hili, mulionichotea maji ya matofali bila kuitwa. Ninalowaomba ni hili: musiogope moto mukubwa peke yake. Mukifika nyumbani, kabla ya kupika, zungukeni ukuta. Mukiona ufa, uzibeni leo.