Manyoya Juu ya Dari

KIPKETER: Haloo? Haloo! Hapo ni karakana ya Singh, Nakuru?

CHEPKEMBOI: Ni hapa. Nani mwenzangu? Ongea kwa nguvu, kuna randa inapigwa hapa—

KIPKETER: Mumeo, posta ya Londiani! Na kabla hujauliza habari ya nyumba, nikubali tu: jana mjinga nilikuwa mimi.

CHEPKEMBOI: Jana tu?

KIPKETER: Salimia kwanza, mama Chelangat!

CHEPKEMBOI: Hujambo, baba Chelangat. Jana tu?

KIPKETER: [anacheka] Sijambo. Mtoto?

CHEPKEMBOI: Yuko hapa mgongoni, amelala. Kifua kimefunguka, ananyonya kama ndama. Lakini daktari amerudia maneno yale yale. Baridi nyingine kama ile ya mwezi wa saba—

KIPKETER: Usimalizie.

CHEPKEMBOI: Simalizii. Haya, niambie dari. Umeweka nini juu yake kuzuia baridi?

KIPKETER: Si maranda, si mabua ya ngano. Manyoya ya kondoo! Shambani kwa mzungu wamekata kondoo juzi, yale ya tumboni wanayatupa. Nikajiambia, kondoo analala nje huku milimani mwaka mzima na hakohoi—

CHEPKEMBOI: Uliyaosha?

KIPKETER: Ngoja nifike huko.

CHEPKEMBOI: Kipketer. Singh alikuambia mbele yangu: maji moto, sabuni, halafu jua siku tatu. Uliyaosha?

KIPKETER: Jua siku tatu, Londiani, mwezi wa nane! Ningelitoa wapi? Nilitaka mfike Jumamosi hii. Nikapanda na magunia yangu, nikashindilia mpaka yakagusa mabati. Na joto lilikuwako, wallahi! Nilivua koti ndani ya nyumba.

CHEPKEMBOI: Halafu?

KIPKETER: Halafu jana jua likatoka.

CHEPKEMBOI: Uui.

KIPKETER: Wiki tatu limejificha, likachagua jana! Mabati yakachemka, mafuta ya manyoya yakaanza kuyeyuka, nyumba ikanuka beberu. Na ndani nina wazee wa kanisa, wamekuja kuiombea kabla hamjarudi. Mzee Kiplangat amefumba macho, amefika pale pa kuomba baraka zishuke kutoka juu—

CHEPKEMBOI: Usiniambie.

KIPKETER: Kupe akashuka. Shingoni.

CHEPKEMBOI: [anacheka mpaka mtoto analia] Mmoja?

KIPKETER: Alianza mmoja! Mbao za dari zina nafasi, wengine wakamfuata. Mzee akasema amina papo hapo. Tangu mwaka wa hamsini na nne namjua, sijawahi kumsikia akifupisha sala.

CHEPKEMBOI: Nyamaza, mama, nyamaza, ni baba yako tu— Na wewe ukafanya nini?

KIPKETER: Nikawakaribisha chai nje. Lakini nje kuna mbwa. Mbwa wa kijiji kizima wamekaa mlangoni wameinua vichwa, wanangoja kondoo ateremke.

CHEPKEMBOI: [anacheka] Singh ananiuliza nacheka nini. Nimwambie?

KIPKETER: Ukimwambia sirudi huko maisha— haloo? Haloo?

OPARETA: Londiani, dakika tatu zimeisha. Mnaongeza?

KIPKETER: Ongeza, dada! Ongeza!

CHEPKEMBOI: Sikia sasa. Toa manyoya yote leo, ufagie, umwage maji moto kwenye zile mbao. Kesho gari la mizigo linakuletea magunia tisa. Maranda ya mtarakwa, makavu kabisa. Wadudu hawapendi harufu yake.

KIPKETER: Kesho? Lakini ndiyo kwanza nakuambia—

CHEPKEMBOI: Yameshonwa tangu Ijumaa.

KIPKETER: Ulijua sitaosha.

CHEPKEMBOI: Miaka miwili tangu unioe, nisikujue?

KIPKETER: Maranda yanashika moto, mama Chelangat!

CHEPKEMBOI: Kwa hivyo ukate debe, ulizungushie bomba la moshi, na maranda yakae mbali nalo, mkono mzima. Tandika magazeti kwanza, vumbi lisituangukie. Halafu umwage unene wa shubiri moja, na usishindilie. Joto linakaa katika ile hewa ya katikati. Ukishindilia umeifukuza.

KIPKETER: Nani amekufundisha haya yote?

CHEPKEMBOI: Wiki tatu nakaa kwa dada, shemeji anafanya kazi hapa, kila siku nashinda juu ya rundo la mbao. Ulitaka nijifunze kuoka mkate?

KIPKETER: Sawa, mwalimu. Alhamisi nimemaliza. Jumamosi nawapokea stesheni.

CHEPKEMBOI: Hapana. Tungoje kwanza tuone kama dari inashika joto.

KIPKETER: Tuone nini? Pamoja na hayo nitawasha moto mkubwa! Mimi nimekulia kwenye nyumba ya nyasi, baridi ile ile, na niko hapa napiga simu.

CHEPKEMBOI: Nyasi zinafunika mtu. Mabati ni kulala chini ya sufuria iliyoachwa nje.

KIPKETER: Chepkemboi, wiki tatu! Napika ugali wa watu wawili kila siku, nakula nusu, nabaki naangalia ile nusu nyingine. [mkwaruzo kwenye waya] Haloo?

CHEPKEMBOI: Nipo. Nimesikia.

KIPKETER: Basi njooni Jumamosi.

CHEPKEMBOI: Na hospitali ulikuwepo. Uliona alivyokuwa akivuta pumzi.

KIPKETER: Niliona. Lakini—

OPARETA: Londiani, malizieni, kuna wengine wanangoja laini.

KIPKETER: Namaliza, dada! Sikia, mke wangu: nyumba nimejenga mimi, dari nimepigilia mimi. Nikisema iko tayari, iko tayari. Jumamosi!

CHEPKEMBOI: Vizuri. Alhamisi ulale chini ya hiyo dari uchi, kama mwanao alivyokuja duniani, na Ijumaa asubuhi unipigie. Ukiweza kutaja jina lake bila meno kugongana, tunapanda gari.