Costancia wa Kikapu Azikwa Asubuhi

Baba Mchungaji, wazee wetu wa Mamboya na wa Mikumi shikamooni, majirani zetu Waislamu asalaam aleikum, walimu, madereva wa Kidodi, na ninyi wasichana mliovaa jezi chini ya khanga, aliyesimama mbele yenu ni Filipo Cleopa, mdogo wa marehemu wa kumfuata, na familia imemtuma awasomee maisha ya dada yake. Tangu mlipofika mmekuwa mkiulizana kwa nini tunazika saa tatu asubuhi wakati desturi yetu ni alasiri, tena ndugu wengine wako njiani bado kutoka Tanga, na mna haki ya kuuliza. Sababu ni kwamba leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi jioni, timu aliyoilea marehemu inacheza fainali ya mkoa mjini Kilosa, na ndani ya timu hiyo yumo binti yake Brightness, na mpaka jana jioni hakuna aliyejua kama mtoto huyo atamzika mama yake, atacheza, au atakosa vyote viwili.

Marehemu Costancia Cleopa Senyagwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 katika kijiji cha Mamboya, wilaya ya Kilosa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu mwinjilisti Cleopa Senyagwa na mama yetu Agnesi, ambaye yupo hapa nasi, na tunamshukuru Mungu kwa kumpa nguvu ya kukaa kitako mbele ya jeneza la mwanawe. Alibatizwa Mamboya, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, na alipofika darasa la sita alikuwa tayari amempita baba yetu kwa kimo, kiasi kwamba kofia ya mwinjilisti ikisahauliwa juu ya kabati, aliyetumwa kuishusha hakuwa mwenye kofia.

Mwaka 1991 alichaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana mjini Morogoro, na huko ndiko kilikotokea kisa ambacho mwenyewe alipenda kukisimulia kuliko mwingine yeyote, kwamba wiki ya kwanza mwalimu alitangaza mstarini kuwa wanaotaka kikapu waende uwanjani Jumamosi, naye, kwa kuwa bibi yetu alikuwa msusi hodari na yeye mwenyewe alisuka vizuri, akaenda na mzigo wake wa ukindu, akakaa pembeni ya uwanja akiwasubiri wasusi wenzake. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, lakini mwalimu hakucheka, akamwomba asimame, akamtazama kuanzia chini hadi juu, akampa mpira na kumwonyesha chuma cha duara kilichoning'inia, na Costancia, kwa ustaarabu wa watu wa milimani, akauliza kama akishautia humo atarudishiwa ukindu wake. Tangu siku hiyo akaitwa Costancia wa Kikapu, na jina hilo hakulikataa hata siku moja.

Alihitimu kidato cha nne mwaka 1994, na mwaka 1995 akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya bima jijini Dar es Salaam, ingawa ukweli, na hapa hatusengenyi, ni kwamba aliajiriwa kwa ajili ya mpira, akaichezea timu ya Mzizima Malkia, akaitwa timu ya taifa mwaka huo huo, akawa mfungaji bora wa ligi ya wanawake mwaka 1996 na tena mwaka 1997, na katika mchezo mmoja akafunga pointi arobaini na moja akiwa na homa ya malaria. Magazeti yalimwita Twiga wa Mikumi, kwa sababu mwandishi wa mjini akisikia Kilosa hukumbuka mbuga tu, na wazee wa Mamboya walilalamika sana kuporwa mtoto wao, wala hawakujua kwamba mwishowe Mikumi ingempata kweli.

Sasa tumefika mahali pazito. Mwanzoni mwa mwezi Februari 1998, mvua za El Nino zikiwa bado zinapasua barabara, baba yetu alifariki Alhamisi tarehe 5 huko Mamboya, na fainali ya taifa ilikuwa Jumamosi tarehe 7 jijini Dar es Salaam, na habari ilipomfikia Costancia hakuuliza ruhusa kwa mtu, aliacha jezi kitandani akapanda basi la kwanza. Basi hilo lilikwama Dumila, mto ulikuwa umefura, magari yamelala pande zote mbili, na yeye akakaa pale siku nzima ya Jumamosi akiyatazama maji, huku timu yake ikifungwa kwa pointi tatu, na huku Mamboya kaburi likijaa maji kila lilipochotwa, hata mjomba wetu Paulo, kaka wa mama na mkuu wa msiba ule, akaamua baba azikwe upesi kabla udongo haujaporomoka. Aliwasili Jumapili jioni, miguu mitupu, akakuta wanawake wanaosha masufuria. Hakumlaumu mjomba, kwa sababu hata mtoto aliona kuwa mjomba hakuwa na njia, lakini alimwambia mama yetu kwamba angekosa kimoja angeweza kubeba, ila kukosa vyote viwili hakujui kunabebwaje.

Hakurudi Dar es Salaam mwaka ule. Wapo mashabiki waliomwita msaliti, na yeye akashika jembe, akalima na mama mashamba ya mahindi na maharage, akasema mpira basi, mpaka siku moja mama yetu alipoliweka jembe lake chini akamwambia kwamba baba yake amekwisha kufa mara moja, inatosha, asimuue mara ya pili kwa kujifungia shambani, na kwamba mtu mwenye mkono mrefu vile kupalilia maharage ni hasara ya mgongo bure. Mama huyu ni huyu huyu mnayemwona.

Akaenda. Mwaka 1999 alisaini mkataba wa kulipwa na klabu ya Polana Azul ya Maputo, akiwa binti wa kwanza kutoka vilima vyetu kula kwa jasho la mpira wa kikapu, akacheza huko misimu mitano, akatwaa ubingwa wa nchi ile mwaka 2001 na 2002, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali mwaka 2002, akajifunza Kireno cha kugombana na waamuzi, na kila Pasaka alituma kitenge kwa mama na viatu kwa Filipo, ambavyo vilikuwa vikubwa kwa sababu alidhani ndugu zake wote wanarefuka kama yeye. Goti la kulia lilimsaliti mwaka 2003, akarudi nyumbani mwezi Januari 2004 akichechemea, kichwa juu.

Mwaka huo huo, akienda Kidodi kumsalimia shangazi, aliomba lifti kwenye lori la miwa, akagonga kichwa mlangoni wakati wa kupanda, na dereva aliyempa pole ndiye Herman Onesphory, mgane wetu wa leo, ambaye walifunga naye ndoa takatifu tarehe 17 Septemba 2005 hapa Mikumi. Mpiga picha alimwomba bwana harusi asimame juu ya ngazi, naye Herman akakataa, akasema yeye ameoa mtu, urefu ni nyongeza tu, kama muuza mchele anapokuongezea kiganja, na kwa miaka karibu ishirini hatukuwahi kusikia nyumba ile ikipimana kimo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Brightness, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2006, na Frank, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2010.

Baada ya kusomea ualimu, marehemu aliajiriwa mwaka 2008 kufundisha michezo na Kiswahili katika sekondari hapa Mikumi, akakuta wasichana hawana uwanja wala mpira, akamfuata jirani yake Mudathir, fundi wa kuchomelea, akamwomba ringi mbili, na Mudathir alipouliza ziwekwe juu kiasi gani, akainua mkono wake akamwambia pima hapa, ongeza. Timu ilipozaliwa watu walitaka iitwe Twiga, yeye akakataa, akasema twiga ni mzuri lakini simba akija kila mmoja hukimbia na shingo yake, nyati hukaa pamoja, ndipo ikawa Nyati Malkia. Alifundisha kwa mafumbo, akiwataka wakabe kwa kukunja magoti kidogo aliwaambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mpira wa adui siku zote uko mvunguni, na mzazi aliyemzuia binti yake alitembelewa na mwalimu nyumbani, akapewa shikamoo yake kwa heshima zote, akanywewa chai yake, mpaka akaruhusu kwa kuchoka. Wasichana kumi na mmoja wa mikono yake wamesomeshwa kwa sababu ya mpira, wanne wamevaa jezi ya taifa, na mmoja, Grace, anacheza kwa kulipwa Misri na jana amepiga simu akilia.

Mwezi Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Morogoro na Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi uwanjani na kitambaa kichwani, lakini Februari mwaka huu ugonjwa ulihamia kwenye mifupa, akawa anafundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kisha kutokea kitandani kwa simu. Tarehe 1 Juni alituita, akasema tusiwanyang'anye watoto fainali yao kwa ajili yake, wacheze, na kuhusu Brightness akasema huyo aachwe achague mwenyewe, kwa sababu yeye Costancia alichagua, lakini uchaguzi wake ulichukuliwa na mto. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mikono ya Herman, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miezi tisa na siku ishirini na nane.

Mazishi yakapangwa kuwa Jumamosi alasiri, tukaomba fainali isogezwe, na waandaaji wake wakatujibu kwa upole kwamba saa haiwezi kusogea, na hapo ndipo nyumba iligawanyika, kwa kuwa mjomba Paulo, ambaye kwa mila yetu neno lake juu ya mtoto wa dada yake ni zito, alisema mpira upo kila mwaka, mama ni mmoja, Brightness abaki, na wengine wakasema marehemu ameshasema, na mtoto mwenyewe akakaa katikati yetu, na iliumiza kumtazama. Ndipo mama yetu Agnesi akamwita kaka yake kwa jina, akamwambia kwamba mwaka ule waliharakisha kumzika Cleopa kwa ajili ya maji, na Mungu hakukasirika, basi kama inawezekana kuharakisha kwa ajili ya maji inawezekana kuharakisha kwa ajili ya mtoto. Mjomba akavua kofia yake, akauliza majembe yako wapi, na kaburi mtakaloliona leo amesimamia mwenyewe, kavu mpaka chini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili, walimu wenzake, wanafunzi, fundi Mudathir na akina mama wa mtaa waliopika tangu Jumatano bila kuuliza nani ni wa dini gani, madereva wa Kidodi walioegesha malori yao na kutuletea basi, Mchungaji aliyekubali ibada ya asubuhi, na Herman, aliyempenda dada yetu mchana na usiku. Ndugu wa Tanga watakaokuta tumeshazika tunawaomba radhi, chakula chao kipo, na baada ya chakula waje Kilosa.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Jana jioni tulimuuliza Brightness uamuzi wake, naye akaomba jambo moja tu, awe wa kwanza kuweka udongo kwa mama yake, ili awe wa kwanza kupanda basi. Tumemkubalia. Dada Costancia, lala kwa amani, safari hii hakuna mto.