Mama Tano na Uma Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkufunzi wa darasa la wanaoanza katika karakana ya ngozi anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na saba. Sisi wenzake tunamwita Mama Tano. Ukurasa huu wa jarida la chuo ulikuwa uandikwe na mkuu wa karakana. Nilimwomba aniachie mimi, karani wa utawala, kwa sababu kuna jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani, nami nimelichelewesha mpaka imekuwa aibu.

Aliajiriwa kuwa mhudumu wa stoo: kufagia, kugawa zana asubuhi na kuzikusanya jioni. Kazi ya ngozi alikuwa ameipata kwa mjomba wake, fundi viatu aliyekuwa na kisu kimoja tu, kilichonolewa miaka mingi mpaka kikawa chembamba kama jani. Mkufunzi wa wakati ule alipoacha kazi katikati ya muhula, wanafunzi tisa walibaki wakitazama ukuta. Mhudumu wa stoo aliegemeza ufagio mlangoni akawaonyesha kushona kwa sindano mbili, moja ikitokea huku na nyingine kule. Ilikuwa kwa siku ile tu. Siku ile ndiyo inayoisha Ijumaa.

Wageni hudhani anaitwa Mama Tano kwa kuwa ana watoto watano. Anao wawili. Tano ni zana. Wanafunzi wapya hufika na orodha ndefu walizonakili madukani, vitu thelathini na kitu, na wengine huwa wameshakata tamaa kabla ya kuanza. Yeye huichukua orodha, huitazama kwa heshima kama mtu anayesoma barua ya posa, kisha huanza kufuta. Hubakisha kisu kikali, rula ya chuma, msharasi wa kutobolea, jozi ya sindano na uma. Ndiyo, uma huu wa kulia chakula. Huupiga tupa meno yakawa sawa, akaugandamiza juu ya ngozi, akalirudisha jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, na mstari wa mishono ukaenda bila kupinda. Sindano huzisugua msasa zipoteze ncha, kwa sababu tundu hutobolewa na msharasi, na sindano kali huchoma uzi wake yenyewe.

Hakuwahi kumruhusu anayeanza kununua ngozi nzima. Alisema ngozi nzima ni ya mtu aliyekwisha kukosea mara mia. Aliwapeleka nyuma ya kiwanda cha mikoba wakachague mabaki, akawafundisha kuyakunja, kuyanusa na kuyagusa kwa kidole chenye maji. Mahali pa kukatia palikuwa kigae kilichovunjika kona. Vielelezo vya kukatia havikununuliwa, vilichorwa palepale kwenye karatasi ngumu. Kwenye uzi pekee hakukubali kitu rahisi, hata kuupaka mshumaa badala ya nta alikataa. Mkoba haufi tumboni, alisema, hufia kwenye mshono.

Mwaka mmoja ofisi iliona kwamba karakana yetu haina sura. Mimi ndiye niliyechagua sanduku lenye kifuniko chekundu na zana arobaini ndani, nyingine za kugonga maua ambayo hakuna mwanafunzi aliyeyahitaji. Kisu cha sanduku hilo kilivunjika wiki ya kwanza. Mama Tano hakulalamika. Aliliweka sanduku chini ya rafu ya juu akawa analipanda kuchukua nta. Alinisimamisha koridoni kunishukuru: “Karani, sanduku lile ni imara kweli. Limenirefusha.”

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, uma za kantini zilianza kupungua. Vyombo vya kantini vilikuwa chini yangu. Asubuhi moja nilipita dirishani mwa karakana nikaona uma kumi na mbili zimepangwa mezani, meno yamepigwa tupa. Sikuingia. Sikuuliza. Nilirudi ofisini nikaandika barua ya onyo, na kwa kuwa nilitaka ionekane nzito, niliichapa kwenye karatasi ngumu tunayotumia kwa vyeti. Niliisoma mbele ya mkutano wa wafanyakazi. Mama Tano alisema kwamba uma zile zilikuwa zake. Nilimjibu kwamba kila mtu husema hivyo. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akasema, “Asante, karani,” akarudi kukaa.

Tangu siku ile, akitokea mlangoni mwa kantini, palikuwa na mtu wa kupaza sauti: “Jamani, shikeni uma zenu, fundi kaja!” Watu walicheka. Yeye alicheka nao. Nami nilicheka. Baada ya mwezi mmoja hivi aliacha kuja kantini, akawa anakula peke yake kwenye meza ya kazi, amesukuma mabaki ya ngozi pembeni. Nilijiambia kwamba anapenda utulivu.

Muhula uliofuata, fundi bomba alizibua shimo la maji machafu nyuma ya jikoni akatoa uma kumi na saba. Zilikuwa zikikung’utwa pamoja na makombo. Nilizihesabu mwenyewe, nikazipeleka jikoni zichemshwe, na nikasema kesho nitaandika barua ya kuifuta ile ya kwanza. Kesho ikazaa kesho. Baadaye aliumwa, tukaenda kumwona nyumbani kwake. Tulikaribishwa chakula, tukapewa vijiko. Mumewe aliniona natazama meza, akaniomba radhi: “Tuvumilie, shemeji. Uma za nyumba hii zote zimeajiriwa chuoni.” Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nilikula macho yakiwa kwenye sahani. Hata baada ya siku ile, sikuandika.

Marehemu mke wangu alikuwa mwanafunzi wake. Maradhi yalipomzuia kusimama muda mrefu, aliomba kazi ya kukaa, na Mama Tano akampa kiti cha karibu na dirisha. Alishona kwa miezi minne. Kitu chake cha kwanza kilikuwa mfuko wa miwani, kama ilivyo kwa wote, na alinipa mimi. Mshono wa kushoto umepanda kidogo mahali alipopumzika. Siku alipoumaliza, tukiwa mezani nyumbani, aliniuliza kama zile uma za kantini zilipatikana. Nikamwambia zilipatikana. Akauliza wapi. Nikamwambia shimoni. Akauliza kama Mama Tano tulimwambia. Niliinuka nikaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Hakuuliza tena, na mwaka jana akatutoka. Nilikuwa nikijiuliza habari za uma alizipata wapi, maana mimi sikuwahi kumsimulia.

Nimepata jibu mwezi uliopita, tulipokuwa tukiorodhesha vitu vya karakana kwa ajili ya makabidhiano. Vielelezo vyote huning’inia kwenye msumari mmoja. Nilichukua cha mfuko wa miwani, ambacho kingo zake zimekuwa nyeusi kwa penseli za watu wasiohesabika, nikakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa mashine ya ofisi yangu: “umeonekana ukiwa na uma kumi na mbili”. Chini, karibu na kona iliyokatwa mviringo, ilikuwa sahihi yangu.

Mama Tano alikuwa juu ya sanduku jekundu akishusha nta. Aliniona, akashuka polepole. “Karatasi nzuri ile, karani,” alisema. “Haijakunjika kona hata moja.” Nilitafuta kejeli katika sauti yake, sikuiona. Alikuwa amepewa karatasi ngumu, na yeye hufundisha kwamba anayeanza asinunue kielelezo. Kwa miaka kumi na mmoja kila mwanafunzi wa darasa lake ameiinamia barua ile akizungusha penseli, na mke wangu mmoja wao. Aliisoma. Aliijua sahihi, maana aliiona kila siku. Alikaa nayo mapajani akakata mfuko wa miwani ya mtu aliyeiandika, akaushona mpaka mwisho.

Nilimwomba msamaha palepale, tena vibaya, kwa maneno yaliyokatikakatika. Alinisikiliza, akasema: “Mimi ulinisomea mbele ya watu, karani.”

Basi nasema mbele ya watu. Mama Tano hakuchukua uma wa kantini hata mmoja. Uma kumi na mbili nilizoziona zilikuwa zake, alizitoa nyumbani kwake ili watu wasio na uwezo wa kununua zana wasirudi walikotoka. Nilijua hivyo kwa karibu miaka kumi na mmoja na nikanyamaza. Nakala ya onyo imetolewa kwenye faili lake kwa idhini ya mkuu wa chuo, na mahali pake imewekwa barua ya kuifuta. Mliokuwa mkipaza sauti kantini, nami nikiwa nacheka pamoja nanyi, Ijumaa atakula chakula cha mchana nasi. Atakapotokea mlangoni, naomba tusimame.

Wanafunzi wake wametapakaa. Wako wenye vibanda vyao, wako wanaoshona mikanda, na mmoja ndiye atakayerithi darasa lake Jumatatu. Uma kumi na mbili ameziacha zibaki kazini. Tumemnunulia nyingine za nyumbani, kumi na mbili, na mumewe ameahidi kuzilinda.

Asante, Mama Tano, kwa mikono uliyoifungua na kwa kiti cha dirishani. Pumzika kwa raha, wewe na mwenzako, na macho yako yaendelee kuona tundu la sindano. Barua yako mpya nitaisoma mimi mwenyewe Ijumaa, kwa sauti ileile niliyosomea ya kwanza. Nimeichapa kwenye karatasi ya vyeti, ngumu. Kielelezo cha msumarini kimeanza kulegea. Ukiona inafaa, ikate.