Kielelezo Kimezikwa

Honi ya lile lori ililia usiku wa manane, mara tatu, kama mbuzi aliyekanyagwa. Semeni aliitambua kabla hajafumbua macho, maana ndiyo iliyolia siku mumewe Mfaume alipogongwa kando ya barabara hapa Bungu, akaja kukatwa mguu wa kushoto. Utingo alishuka, akaacha sukari kilo tano mlangoni pamoja na salamu za tajiri Badru, mwenye lori: kesho baada ya alasiri italetwa karatasi, Mfaume atie dole kwamba amesamehe, yaishe. Semeni hakulala tena. Asubuhi akambeba mwanawe mgongoni, akajitwika beseni la vitumbua, akaenda pale anapouzia siku zote, ubavuni mwa benchi la kahawa la mzee Muhidini. Hapo akayamwaga yote kwa pumzi moja: kwamba yeye kafika kidato cha nne, anajua kuna kitu kinaitwa fidia, lakini je, wadai au watie dole, na wakidai wakashindwa, huyu mtoto atakula nini?

Benchi likachangamka kama limemwagiwa upupu. Salumu, anayeitwa Mahakama kwa sababu alifagia mahakama ya Utete miaka miwili, akaweka kikombe chini.

— Dai, mwanangu. Watu wa bima wana chati. Kidole kina bei yake, goti lina bei yake. Mguu mzima ni nyumba ya bati.

— Wa kushoto huo, akasema Hemedy Dizeli, utingo wa zamani ambaye sasa anauza dizeli kwa chupa. Wa kushoto nusu bei. Mtu anapigia mpira wa kulia.

— Mfaume anapigia wa kushoto, akasema Semeni.

— Basi bati na saruji, akakata shauri Mahakama.

Mzee Muhidini, huku akimimina, akasema ndiyo hayo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wote wakamtazama. Akakohoa, akaeleza kuwa alimkusudia Badru.

Dizeli akamleta mtu wa Ngorongo aliyegongwa na trekta akapewa trekta lenyewe. Mahakama akasema hilo dogo, tangu biashara iwe ruksa kuna watu Dar wanalipwa maumivu kwa dola, na ukilia mbele ya hakimu wanaongeza. Semeni tayari mabati anayaona yanang'aa, mtoto kalala ndani haloani. Ndipo akauliza: na tukishindwa?

Mahakama akashusha sauti.

— Hapo sikutanii. Mkishindwa, mnaweza kuamriwa mlipe gharama za Badru. Nauli zake, wakili wake.

— Na dizeli ya lori kwenda Utete na kurudi, akaongeza Dizeli. Na pantoni.

— Na mkishinda, wakili wenu anataka theluthi.

— Theluthi ya mguu, akasema mzee Muhidini akipima kwa macho. Huyo kapanda mpaka juu ya kifundo.

Akataka kujua kama sukari imeonjwa. Semeni akasema bado, ipo chini ya kitanda. Mzee akaonya isiguswe, maana mkono mtupu haulambwi, na huyu kaleta mkono uliojaa ili alambwe. Mara Mahakama akaruka kama kaumwa na siafu.

— Ngojeni. Mguu wenyewe uko wapi?

Semeni akasema shemeji zake waliutoa hospitali, wakauvingirisha nguo nyeupe, wakauzika makaburini kama inavyotakiwa.

— Mmezika kielelezo, akasema Mahakama.

Akaapa hajaona kesi ya kuumizana bila kitu mezani. Aliona panga, aliona mchi, hata sufuria. Dizeli akashauri ufukuliwe. Mzee akasema kwanza aulizwe shehe. Dizeli akasema basi hakimu ahamie makaburini, na mzee akajibu kesi itakwama, maiti hawali kiapo. Wao wanabishana, Semeni akaanza kufunika vitumbua vyake.

Mwajabu, mama wa Mbwera aliyekuwa akisubiri gari na kapu lake la kamba wakavu, alikuwa akiwasikiliza tangu mwanzo. Akameza kitumbua.

— Samahani jamani. Siku ya ajali, nani alikuwa amekaa hapa?

Walikuwepo wote watatu. Mfaume aligongewa hatua ishirini kutoka benchi lile, na mwezi mzima wamesimulia lori lilivyohama njia. Sasa mzee Muhidini akakumbuka alikuwa akipuliza makaa. Mahakama alikuwa kaipa barabara kisogo. Dizeli akatazama ndani ya kikombe. Mzee akainamisha birika, likatoa tone, akatangaza kahawa imekwisha.

Semeni akajitwika beseni. Hajafika mbali, Dizeli akamfikia nyuma ya kibanda.

— Shemeji. Siku ile usukani alishika utingo. Leseni hana. Dereva kalala pembeni. Nilimwona kwa macho yangu, na yule utingo ndiye anayenipa dizeli. Nimekwambia wewe tu. Usimwambie mtu.

Semeni akamtazama mpaka Dizeli akageuza uso. Mtoto aliamka mgongoni, akamtuliza kwa mkono mmoja.

— Simwambii mtu mwingine, shemeji, naahidi. Hakimu peke yake.