Msellem Duni Jecha, Mganga wa Kwenye Filamu Tu

Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tunarejea. Kwetu Mgogoni maiti hasomewi wasifu. Husaliwa, akazikwa, watu wakarudi kunywa kahawa. Huyu aliutaka mwenyewe, akausia usomwe hapa uwanjani kabla jeneza halijabebwa. Umeandikwa asubuhi hii na binti yake Ummi, unasomwa na mwanawe Hafiz, na nakala mlizopewa zimetolewa Chake Chake. Mnaojipepea kwazo, jipepeeni, lakini sikilizeni.

Marehemu Msellem Duni Jecha alizaliwa hapa Mgogoni tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa Mzee Duni Jecha, mkulima wa muhogo na karafuu, na Bi Asya Nassor. Alihitimu msahafu mapema, akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Skuli ndiko alikoanza balaa lake. Mwalimu wa hesabu alikuwa na kikohozi chake cha kutisha kabla ya kushika bakora. Siku moja Msellem akakikohoa kile kikohozi ndani ya darasa, watoto wote wakanyamaza kimya. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa ndio kwanza anafika mlangoni, akasimama nje akisubiri, akidhani kuna mwenzake anasomesha. Bakora alizopata siku ile hakuzisahau, ila kikohozi alibaki nacho. Miaka mingi baadaye alimpa kikohozi hicho sheha mla rushwa aliyemwigiza katika mchezo wa televisheni, na nyinyi mkacheka mpaka machozi. Wakati ule alikuwa bado ni wenu.

Mwaka 1971 alipanda chombo bandarini Wesha kwenda Unguja, akajiunga na kikundi cha sanaa. Alicheza michezo ya redio, akacheza jukwaani katika kumbi zisizo na kipaza sauti, na kutoka miaka ya tisini akawa anakwenda Dar es Salaam kila anapoitwa. Hakupata hata siku moja kuwa stelingi. Alikuwa baba mkwe mchoyo, mzee mlevi, karani mfitini, ami anayedhulumu mayatima. "Stelingi hafi," alikuwa akisema, "mie ndiye nnayekufa." Na kweli alikufa sana: kwa sumu, kwa kisima, kwa radi, na mara moja kwa kuangukiwa na nazi, kifo alichokilalamikia mpaka uzeeni kwamba hakikuandikwa vizuri.

Alimuoa Bi Mwanawema Hafiz, wa Wambaa, tarehe 9 Septemba 1978. Wazee wa bibi harusi walikataa mwanzo, wakasema mwigizaji ni mwongo wa kulipwa. Bi Mwanawema akawajibu, "Bora huyu anayejua kuwa anaigiza." Waliishi pamoja zaidi ya miaka arubaini, na hakuna aliyewahi kusikia sauti zao zikipanda, isipokuwa siku alizokuwa akijifunza maneno ya mchezo.

Sasa tufike pale mnapopajua. Mwaka 2003 aliitwa Dar es Salaam kucheza mganga mchawi, na filamu ikasema wazi kwamba mchawi huyo katoka Pemba. Ilipendwa, wakamrudisha katika nyengine, na nyengine. Nyinyi mkasema ametuuza. Familia haikatai kwamba lawama hiyo ilikuwa na uzito. Watu wa bara wametutungia uchawi siku nyingi, na haikupendeza kumuona mtu wetu akivaa kaniki nyeusi akiwathibitishia. Yeye mwenyewe aliona haya. Alimuomba mtayarishaji mchawi atokee pengine popote, akaambiwa, "Mzee, nani ataamini?" Alikuwa na watoto wanasoma, akaicheza. Mngemlaumu kwa hilo, mngekuwa na haki.

Lakini hamkumlaumu kwa hilo. Mlimwamini!

Mwaka 2009 mtoto wa jirani aliugua, na watu wazima wenye ndevu wakaja hapa hapa mlipokaa, wakataka sanduku lake lifunguliwe. Lilikuwa na nguo za kuchezea, mkia wa ng'ombe na tunguri. Mlizimwaga tunguri mkakuta njugu, maana ndimo marehemu alimokuwa akizificha, ili Bi Mwanawema asimwambie amezidisha kula. Hata njugu hazikukutosheni. Mkasema mganga hodari huficha dawa kwenye njugu, mkavichoma vyote uani, naye akasimama pale akiangalia kazi yake ikiteketea. Mtoto alipona kwa vidonge vya malaria. Hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Tangu siku ile akisimama safu hii msikitini, nyinyi mnajipanga safu ile. Ummi alipoolewa, mwaka 2012, biriani ilipikwa ya mtaa mzima, ikaishia kupakiwa masufuria kwa masufuria kupelekwa madrasa ya Wesha, kwa sababu hakuna aliyethubutu kula cha nyumba hii. Familia inasema waziwazi kwamba jambo hilo liliuma, na linauma hadi leo.

Na bado mlikuja. Mlikuja baada ya adhuhuri, mtaa umejilaza, kwa mlango wa uani. Hatutakutajeni. Mmo humu, na wengine mmekaa karibu na jeneza. Bi Mwanawema alikuwa akisikia kila kitu kutoka jikoni, na hili moja ametupa ruhusa tulieleze.

"Mzee Msellem, n'nataka yuno jirani yangu aote kidonda mguuni," akasema mgeni.

"Mwanangu, mie naigiza. Zile filamu tu."

"Najua, najua. Hata weye ungekuwa mganga wa kweli ungesema vivyo hivyo."

"Wallahi sijui dawa hata ya mafua. Kakufanya nini huyo jirani?"

Mgeni akaeleza: mbuzi, ukuta, maneno ya harusini. Mzee akamtilia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Dawa hino ni kali. Enda kamsalimie siku saba, kila asubuhi, na usimwambie mtu."

Wakapatana kabla ya siku ya tano. Na kupatana kwao kukawa ushahidi mwengine kwamba Mzee Msellem ni mchawi.

Hayo yote aliyajua: nani alitaka nani afe, nani alitaka mke wa nani, ndugu gani alimuombea ndugu yake mkono ukauke. Hakumtajia mtu. Bi Mwanawema alipomwambia aseme walau jina moja ili wamuogope wamwache, alijibu, "Watakuwa na haya, mke wangu. Waache."

Aliugua kisukari tangu mwaka 2016, kikamla macho na kisha figo. Alitibiwa Chake Chake na Unguja, na miezi mitatu ya mwisho alilazwa nyumbani. Hakulalamika maumivu. Alikuwa na hofu moja tu, na aliisema mbele ya watoto wake. Mnajua kwamba maiti akishasaliwa Shehe huwauliza watu, "Mnamshuhudiaje huyu?" na watu hujibu, "Mtu mwema." Marehemu aliogopa swali lile litaulizwa na pasijibu mtu. "Nimezomewa kumbi nyingi," alisema. "Kuzomewa si kitu. Mie naogopa ukumbi ukinyamaza." Alifariki alfajiri ya leo, Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi Mwanawema Hafiz, watoto wawili, Ummi na Hafiz, wajukuu watano, na dada yake, Bi Ruweida Duni, wa Wambaa. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampe utulivu ambao hapa kwetu hakuupata.

Limebaki moja. Kila maziko ya Mgogoni marehemu alihudhuria, akasimama nyuma, peke yake. Shehe akiuliza, watu huwa wanatazamana kwanza, kila mmoja akimngoja mwenzake. Aliyekuwa akianza ni yeye, kwa ile sauti ya ukumbi usio na kipaza sauti: "Mtu mwema!" Ndipo nanyi mkafuata. Alianza kwa baba zenu. Alianza hata kwa yule aliyewasha kiberiti siku ya sanduku, na siku ile sauti yake ilifika barabarani.

Sasa tunalibeba jeneza. Shehe atauliza, na yeye leo hawezi kuanza. Aanze mwengine.